Ngao ya Njano: Kuisoma na Kuishona Nembo ya Wapanda Farasi

Hotuba iliyotolewa Tanga mbele ya mafundi wa nguo, wadarizi, viongozi wa skauti na wanafunzi

Ndugu mwenyekiti, mafundi wa Ngamiani na Makorora, viongozi wa skauti, walimu, wanafunzi, na mama zetu mnaodarizi kofia: nawasalimu nyote. Asanteni kwa kuja, hasa ninyi mliofunga vibanda mapema wakati wateja bado wapo.

Mada ya leo ni nembo ya kikosi cha wapanda farasi, na nimechukua moja tu, ile ya Divisheni ya Kwanza ya Wapanda Farasi ya Jeshi la Marekani. Najua kuna watakaouliza, Tanga na farasi wapi na wapi? Ninachokifuata si farasi. Mji huu unashona beji kila siku, za shule, za skauti, za kampuni za ulinzi, za timu za mitaani. Fundi anatumiwa picha kwenye simu, anaambiwa "nitolee kama hii", na kazi inaanza bila mtu yeyote kujua kwa nini ngao ina umbo lile au kwa nini mstari umelalia upande ule. Nembo hii inafaa kuwa darasa kwa sababu kumbukumbu zake zina tarehe, na kwa sababu imepita katika mabadiliko makubwa ya jeshi huku umbo lake likibaki lilelile.

Neno langu kubwa ni hili: nembo husomwa kwa tarehe. Ukiambiwa rangi fulani maana yake fulani, uliza maana hiyo ilisemwa mwaka gani, na rangi yenyewe iliwekwa mwaka gani. Mara nyingi miaka hiyo miwili hailingani, na pale isipolingana ndipo historia ya kweli ilipo.

Tuanze na kile jicho linachokiona. Ni ngao ya njano yenye pembe tatu, ya umbo la ngao za mashujaa wa Kinormani wa Ulaya ya kale, lakini pembe zake zimeviringwa. Urefu wake ni inchi 5 na robo, yaani milimita 133. Ukiiweka begani inameza sehemu kubwa ya mkono wa juu, na ni miongoni mwa beji kubwa kabisa katika jeshi lile. Mstari mmoja mweusi unaikata ngao kwa mshazari, kutoka juu kushoto kwa mtazamaji hadi chini kulia. Juu kulia, katika nafasi iliyobaki, pana kichwa cheusi cha farasi, na shingo yake imekatwa kwa mshazari. Kuzunguka yote kuna ukingo wa kijani wenye upana wa sehemu moja ya nane ya inchi, kama milimita 3. Basi. Hakuna maandishi, hakuna namba, hakuna nyota.

Nimesema "kushoto kwa mtazamaji" kwa makusudi. Katika elimu ya ngao, kulia na kushoto huhesabiwa kwa upande wa yule aliyeibeba, anayeishika mbele ya kifua chake. Kulia kwake ni kushoto kwako wewe unayemtazama. Maandishi ya zamani ya nembo yakitaja upande bila kueleza ni wa nani, fundi akifuata mkono wake mwenyewe atashona kinyume. Na sisi Watanzania tuna mtego wa ziada. Bendera yetu ina mstari mweusi wa mshazari, lakini wa kwetu unapanda: unaanzia chini upande wa mlingoti na kuishia juu upande wa pili. Jicho letu limeuzoea mstari huo tangu darasa la kwanza. Mpe fundi wa hapa ngao hii aichore kwa kukumbuka, na kuna hatari kubwa atauchora mstari ukipanda kama wa bendera, kisha kichwa cha farasi kikose mahali pa kukaa. Kosa la namna hiyo halirekebishiki kwa uzi. Ukiligundua baada ya kushona, umetupa kitambaa.

Bendera hiyohiyo inatufundisha jambo jingine, la rangi. Angalieni, mweusi wa kwetu haugusi kijani wala buluu. Kati yake na kila upande pana mstari mwembamba wa njano. Katika kanuni za kale za ngao, njano na nyeupe zinahesabiwa kama dhahabu na fedha. Nyeusi, buluu, nyekundu na kijani ndizo rangi. Rangi haiwekwi juu ya rangi, kwa sababu kwa mbali zinamezana. Ngao ya wapanda farasi inatii kanuni hiyo: nyeusi imekaa juu ya njano. Mtu akikuletea beji ya kampuni ya ulinzi yenye simba wa kahawia juu ya kijani kibichi, mwambie mapema kwamba akiwa ng'ambo ya barabara hakuna atakayemwona simba huyo.

Sasa tarehe. Nembo iliidhinishwa tarehe 3 Januari 1921. Divisheni yenyewe ilianzishwa rasmi tarehe 13 Septemba mwaka huohuo, huko Fort Bliss, Texas, nchi kavu yenye mchanga karibu na mpaka wa Meksiko. Kwa hiyo alama ilitangulia kikosi kwa miezi minane. Waliobuni ni mume na mke: Kanali Ben Dorcy na mkewe Gladys Fitch Dorcy. Simulizi ya kikosi ni kwamba njano ya kwanza ilitoka kwenye bitana ya joho la zamani la kanali, kwani majoho ya wapanda farasi yalikuwa na bitana ya njano, na kwamba kichwa cha farasi kilitokana na askari waliyemwona akipita juu ya farasi mweusi mwenye mng'ao wa buluu. Ukubwa nao una sababu yake katika simulizi hiyo: kule vumbi lilikuwa jingi, na alama ilitakiwa ionekane ndani ya vumbi.

Mafundi, simameni hapo kwenye bitana. Beji nyingi za bega za miaka hiyo zilikatwa kwenye vitambaa vya sufu na kushonewa kipande juu ya kipande. Mtu anayekata kwa mkasi hafikirii kama anayechora kwa kalamu. Anataka maumbo machache, makubwa, yasiyo na vijipande vya kupotea. Ukiacha ukingo, ngao hii ni vipande vitatu tu: uwanja wa njano, mkanda, yaani ule mstari wa mshazari, na kichwa. Ndiyo maana hadi leo haimsumbui mtu kuishona. Ilizaliwa mikononi mwa watu waliojua kitambaa kinakubali nini na kinakataa nini.

Njano haikuwa chaguo la familia moja, hata hivyo. Mwaka 1855 jeshi la Marekani lilikuwa na aina tatu za askari wa farasi, na kila moja na rangi ya mapambo yake: wale walioitwa dragoon walivaa chungwa, wapiga bunduki wa farasi kijani, na cavalry njano. Mwaka 1861 wote waliunganishwa chini ya jina moja la cavalry, na njano ikabaki kuwa ya wote. Kwa hiyo kufikia 1921, njano ilikuwa imeshasema "mpanda farasi" kwa muda wa miaka 60. Kabla yake kulikuwa na vitara viwili, yaani panga za wapanda farasi, vilivyopishana, vikiwa ndani ya ala, makali yakielekea juu, alama iliyowekwa mwaka 1851. Kofiani, namba ya rejimenti ilikaa katika nafasi ya juu ya vitara na herufi ya kombania katika nafasi ya chini, na mtu akikutazama usoni anajua wewe ni wa wapi. Sisi tunaifahamu alama ya silaha au zana zilizopishana. Fungueni Ngao ya Taifa, mtaona shoka na jembe vimepishana juu ya mkuki. Umbo la msalaba huo linaacha nafasi nne tupu, na nafasi tupu katika nembo ni mali. Ndipo namba na herufi zinapoingia bila kubanana.

Vitara hivyo havikufa. Mwaka 1950, jeshi la vifaru lilipopewa alama yake, waliweka kifaru aina ya M26, kinachotazama mbele, juu ya vitara vilevile. Askari wa upelelezi wanaobeba jina la cavalry wameendelea na vitara peke yake, bila kifaru.

Tunarudi kwenye ngao, kwa sababu hapa ndipo tarehe zinapoanza kugombana. Nembo iliyoidhinishwa 1921 haikuwa ya rangi moja kwa watu wote. Mkanda na kichwa cha farasi vilibadilishwa rangi kulingana na sehemu ya divisheni ambayo askari alikuwamo. Ni tarehe 11 Desemba 1934 ndipo muundo wa sasa uliporuhusiwa kwa vikosi vyote vya divisheni, na ule utaratibu wa rangi nyingi ukafutwa. Karibu miaka 14 kati ya tarehe hizo mbili inasahauliwa na wengi wanaoandika juu ya nembo hii, nao husema tu kwamba "mwaka 1921 ilikuwa nyeusi na njano".

Sasa sikilizeni maelezo rasmi ya jeshi jinsi yanavyosomeka leo. Njano na kichwa cha farasi ni kumbukumbu ya asili ya divisheni kama wapanda farasi. Mkanda wa mshazari ni mshipi wa begani wa kuning'inizia upanga, alama ya heshima ya kijeshi, na pia unaonyesha mwendo wa kusonga mbele uwanjani, ari ya kushambulia. Mkanda ni mmoja na kichwa ni kimoja kwa sababu divisheni ni ya kwanza. Na nyeusi ni rangi ya chuma, ikielekeza kwenye mabadiliko ya kuingia katika vifaru na magari ya deraya.

Hayo ya mwisho yapimeni kwa tarehe. Mwaka 1921 hii ilikuwa divisheni ya farasi, na hakuna aliyebuni ngao hii kwa ajili ya vifaru. Hata mwaka 1934, nyeusi ilipokuwa ya wote, farasi walikuwa bado zizini. Maana ya chuma imeletwa baadaye na kuvalishwa rangi iliyokuwapo. Siiti hila. Kikosi kilichobadilika kina haki ya kuisoma upya alama yake, na somo hili jipya linakaa vizuri. Lakini mwalimu akiwaambia wanafunzi kwamba kina Dorcy waliweka nyeusi kwa sababu ya vifaru, amewafundisha uongo, hata kama ameusoma mahali pazuri. Somo la idadi, mkanda mmoja na kichwa kimoja, mimi nalipenda zaidi, kwa sababu linaonekana kwenye ngao yenyewe na halihitaji mtu wa kukueleza.

Farasi waliondoka mwanzoni mwa 1943. Divisheni iliwaacha na kupelekwa vita vya Pasifiki, ikapigana kwa miguu. Februari 1944 ilishuka kisiwa cha Los Negros, Oktoba mwaka huo Leyte, Februari 1945 iliingia Manila. Askari walitembea kwenye tope la visiwa wakiwa na kichwa cha farasi begani. Mwaka 1965 divisheni ilipangwa upya ili askari wabebwe vitani kwa ndege, ikiwa na ndege zaidi ya 400, karibu zote helikopta, na Novemba mwaka huohuo ilikuwa katika bonde la Ia Drang huko Vietnam. Ngao ya njano ikapakwa kwenye bodi za helikopta.

Alama haikugombana na mabadiliko hayo kwa sababu haikuwahi kueleza mnyama peke yake. Kazi ya mpanda farasi ilikuwa kutangulia, kupeleleza, kufika mahali kabla adui hajajipanga, na kazi hiyo inaweza kupanda chochote. Pwani yetu yenyewe imeshuhudia kwamba mnyama si sharti. Novemba 1914, jeshi la Waingereza na Wahindi liliposhuka hapa Raskazone lilikuwa kwa sehemu kubwa la askari wa miguu. Mwaka 1916 walipoletwa wapanda farasi wa Afrika Kusini na kupelekwa bara hadi Kondoa chini ya Jenerali van Deventer, mbung'o, maradhi ya farasi na njaa viliwamaliza wanyama. Walikufa kwa maelfu katika kampeni ile, na wapanda farasi wengi wakamaliza safari kwa miguu.

Vietnam ilileta tatizo ambalo mafundi mtalielewa upesi. Njano iliyotengenezwa ionekane kwenye vumbi la Texas inaonekana pia msituni, na adui naye ana macho. Ikatolewa beji ya kufifia: nyeusi juu ya kijani cha zeituni. Umbo halikuguswa, na ndilo lililoibeba nembo rangi ilipoondolewa. Hiki ni kipimo kizuri kwa mchoro wowote mnaoletewa. Upige picha, uondoe rangi zote ubaki mweusi na mweupe. Kama bado unaitambua, mchoro umekamilika. Kama haitambuliki, mteja amenunua rangi.

Niseme kwa ufupi juu ya nembo mbili za Uingereza, kwa kuwa zinapatikana kwa njia tofauti kabisa. Ya kwanza ni ya tai. Tarehe 18 Juni 1815 huko Waterloo, Sajini Charles Ewart wa Scots Greys, kikosi cha wapanda farasi cha Uskoti, aliinyakua bendera ya rejimenti ya 45 ya Ufaransa, iliyokuwa na tai wa shaba kileleni. Kikosi kikamchukua tai huyo kuwa alama yake. Mwaka 1971 kilipounganishwa na kikosi kingine, tai aliwekwa juu ya bunduki fupi mbili zilizopishana, ambazo zilitoka kwa wale wenzao, kwa hiyo beji moja inasimulia ndoa ya vikosi viwili. Nyuma yake huwekwa kitambaa cheusi, ambacho kikosi hukieleza kuwa ni maombolezo ya Mfalme Nicholas wa Pili wa Urusi, aliyekuwa kanali wao wa heshima. Ya pili ni ya fuvu. Mwaka 1759 John Hale, aliyeleta London habari za kifo cha Jenerali Wolfe huko Quebec, aliagizwa kuunda rejimenti, akaipa fuvu na mifupa miwili iliyopishana. Wito wa kikosi ni "Mauti au utukufu", lakini utepe wa chini umeandikwa "au utukufu" tu. Neno la kwanza linasomwa kwenye fuvu. Sijaona katika nembo za kijeshi utumiaji wa nafasi uliobana kuliko huo, picha ikifanya kazi ya neno na neno likiisubiri picha.

Nembo hutoka kwa mwenyewe ikasomwa na wengine, nao husoma wanavyotaka. Askari wa vikosi vingine vya Marekani wana dhihaka ya zamani juu ya ngao ya njano: mstari ambao hawakuuvuka, farasi ambaye hawakumpanda, na njano ndiyo sababu. Kwao njano ni rangi ya woga. Ichukue ngao hiyohiyo uiweke hapa barabara ya kumi na mbili, yenye njano, kijani na nyeusi, na mtu wa kwanza atakayeiona atakuuliza kama wewe ni Yanga. Woga hautamjia akilini. Kwa hiyo mteja akitaka rangi kwa sababu ya maana aliyoisoma mahali, muulize nani ataitazama beji, na ataitazama akiwa wapi.

Sasa nigeukie kazi ya mikono.

Tuseme unaishona ngao hii kwa mashine ya kudarizi, kwa ukubwa wake halisi. Kitambaa kiwe twili nzito ya poliesta na pamba. Kama pamba ni nyingi, kifue na kukipiga pasi kabla ya kukata, la sivyo kitarudi baada ya beji kushonwa na ngao itajikunja kama jani kavu. Chini weka tabaka mbili za kitambaa kigumu cha ndani, cha aina isiyochanika kwa mkono. Tabaka moja haitoshi kwa kazi iliyojaa uzi kiasi hiki. Kaza kwenye fremu mpaka ukigonga kwa kidole kisikike, lakini usikivute baada ya kufunga skrubu, kwa sababu kitambaa kilichovutwa kinarudi kikitolewa na kukunjamana kuzunguka mchoro.

Uzi wa poliesta namba 40 na sindano namba 75 vinafaa. Mistari ya uzi iachane kwa milimita 0.4. Hesabu yake ni hii: katika sentimita moja unapata mistari 25, kwa hiyo sentimita moja ya mraba inakula sentimita 25 za uzi wa juu, kabla ya kuhesabu unaozama chini na unaopotea kwenye kona. Pima eneo la ngao kwa karatasi ya miraba, zidisha, kisha ongeza. Anayepanga bei kwa kukisia hupata hasara kwenye uzi wa njano, kwa sababu njano ndiyo uwanja wote.

Kabla ya njano ya juu, tandika mshono mwepesi wa msingi, ukipita kwa upande unaokatiza mshono utakaofuata. Msingi ndio unaokishika kitambaa kwenye kile kigumu cha chini. Bila huo, njano itavuta na weupe wa kitambaa utaonekana pembeni. Kumbukeni kwamba uzi hukivuta kitambaa kwa urefu wake: mahali ulipochora milimita 10 utapata pungufu kidogo. Kwa hiyo panua mchoro kwa milimita 0.2 hadi 0.4 upande ambao uzi unaelekea. Duara lisilopanuliwa hutoka yai, na kichwa cha farasi kisichopanuliwa hukonda shingo.

Mkanda mweusi ndio unaoharibu kazi za wengi. Kosa la kwanza ni kujaza njano ngao nzima kisha kushona nyeusi juu yake. Unene unakuwa mara mbili, sindano inapata moto, uzi unakatika, na beji inakuwa ngumu kama ganda. Acha nafasi tupu chini ya mkanda na chini ya kichwa, ila njano iingie ndani ya mpaka kwa milimita moja ili pasiwe na ufa. Kosa la pili ni mwelekeo. Mshono wa mkanda ukielekea sawasawa na mshono wa njano, zile nyuzi za pembeni zitazama katikati ya mistari ya njano, na ukingo wa mkanda utaonekana umeliwa na panya. Ielekeze njano upande mwingine. La tatu ni upana. Uzi unaoruka kutoka ukingo hadi ukingo kwa zaidi ya milimita 7 hunasa kwenye vifungo na kufumuka, kwa hiyo mkanda mpana ujazwe kwa mishono mifupi.

Kichwa cha farasi kishone baada ya mkanda, nacho kianzie shingoni kuelekea mdomoni. Ukianza na ncha ndogo, kama sikio, kitambaa kinasukumwa na ncha nyingine zinahama. Kuhusu kupunguza ukubwa: mteja akitaka beji ya kofia ya sentimita 8, usibonyeze tu kitufe cha kupunguza. Umeshuka hadi asilimia 60, ukingo wa kijani sasa ni chini ya milimita 2, na sikio huenda limebaki chini ya milimita moja, upana ambao sindano inatoboa mahali pamoja mpaka kitambaa kinatoboka. Chora upya. Nenepesha sikio, fungua nafasi chini ya kidevu, na kama kuna kitu hakiwezi kuonekana, kiondoe kabisa.

Ukingo huja mwisho. Kwa ovaloki nzito ya beji, hapa mtaiona faida ya zile pembe zilizoviringwa: mashine inazizunguka bila kusimama. Pembe kali huilazimisha isimame, uzi unarundikana, na baada ya kufuliwa mara kadhaa pembe ndiyo inayoanza kubanduka. Mchoro wenye ncha za kuingia ndani, kama nyota, usiupeleke ovaloki. Huo ukingo wake ushonwe kwenye fremu, upana wa milimita 3 au 4, kisha ukate kwa mkasi mdogo wenye ncha. Mkia wa uzi wa ovaloki upinde nyuma na kuubandika kwa gundi. Ukikatwa wazi, ukingo wote unafumuka kuanzia hapo.

Wadarizi wa mkono msidhani mmeachwa. Mwenye kudarizi kofia anaujua mkazo wa uzi kuliko mashine, na ngao ya vipande vitatu inaweza kukatwa kwenye sufu na kushonewa kipande juu ya kipande kama walivyofanya wenyewe miaka ya 1920. Kata kichwa kwa kielelezo cha karatasi ngumu, kishikize kwa mishono mirefu ya muda kabla ya kushona ukingo, na anza upande wa shingo.

Katika uvaaji, jeshi lile lina kanuni ambayo skauti mnaweza kuiazima. Bega la kushoto ni la kikosi ambacho askari yumo sasa. Bega la kulia ni la kikosi alichokwenda nacho vitani. Mtu mmoja anaweza kuwa na ngao ya njano kulia na alama nyingine kabisa kushoto, na anayejua kusoma anapata historia ya mtu huyo kabla hajasalimiwa. Kwenye koti rasmi, beji ilishonwa nusu inchi chini ya mshono wa bega, katikati ya mkono. Pima koti likiwa limevaliwa. Ukilitandika mezani, katikati ya mkono wa koti si katikati ya bega la mtu, na beji itaangukia mbele. Shona kwa uzi wa rangi ya ukingo, ndani ya ukingo, na sindano isiguse njano.

Kabla ya kukabidhi kazi, chukua beji moja, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni pamoja na kipande cha kitambaa cheupe kwa dakika 20, kisha ikaushe kivulini. Kitambaa kikitoka na kijivu, uzi mweusi unachuja na utaichafua njano katika ufuaji wa kwanza. Badilisha uzi kwa kazi yote, siyo kwa hiyo moja. Kisha andika kadi: urefu na upana, namba za rangi za uzi kama zilivyo kwenye koni, mwelekeo wa mkanda kwa mtazamaji, tarehe, na jina la aliyeidhinisha. Kwenye kadi hiyo weka sehemu mbili za maana ya alama. Moja iwe ya yale yaliyosemwa siku mchoro ulipokubaliwa, ya pili ya yatakayoongezwa baadaye, kila moja na mwaka wake. Kadi tupu ziko mezani pale mlangoni, pamoja na vielelezo vya karatasi vya ngao kwa ukubwa kamili na kwa sentimita 8. Mwenye beji ya shule au ya kikundi chake na ailete mbele sasa, tuipime na kuijazia kadi yake.